Ufa, Rangi na Wimbi

Kuna swali ambalo ukiliuliza barazani watu watacheka. Mtu kanunua nyumba juzi, bati linavuja, nyaya zinaning'inia, choo hakijaunganishwa. Je, ana haki ya kubeba ubao wake na kwenda baharini kupanda mawimbi? Wengi tutajibu papo hapo: hana. Kwanza nyumba, starehe baadaye. Wahenga si walishatuambia, usipoziba ufa utajenga ukuta?

Jibu hilo lina haraka. Na lile la upande wa pili, "maisha yenyewe mafupi, bwana, nenda kafurahi," nalo lina haraka vilevile.

Hebu tumtazame Jack London. Wasomaji wengi wanamjua kwa The Call of the Wild, ila alikuwa pia mtu wa bahari na mtu wa nyumba. Mwaka 1905 alianza kununua ardhi huko Glen Ellen, California. Mwaka 1907 akafika Hawaii kwa mashua yake ya tanga, Snark, akajifunza kupanda mawimbi pale Waikiki, jua likamuunguza mpaka akabaki kitandani, kisha akaandika insha kuhusu mchezo huo. Mwaka 1911 akaanza kujenga nyumba ya ndoto zake, Wolf House, ya mawe na magogo makubwa. Usiku wa tarehe 22 Agosti 1913, ikiwa karibu kukamilika, nyumba ikateketea. Hakuwahi kuhamia. Alifariki Novemba 1916, akiwa na miaka 40. Kuta za mawe zipo hadi leo, magofu tu. Insha ya mawimbi bado inasomwa.

Ukiisikia hadithi hii unatamani kufunga mjadala: unaona, nyumba huungua, wimbi ulilolipanda hakuna wa kukunyang'anya. Lakini hiyo ni hekima ya baada ya tukio. Nyumba nyingi haziungui. Nyumba nyingi huvuja taratibu, na watu huishi ndani yake wakihamisha ndoo kutoka kona hii kwenda ile. Tena London alikuwa na pesa na wajenzi. Wewe na mimi tunachanganya saruji wenyewe Jumamosi, au tunamsubiri fundi aliyesema "nipo njiani, bosi" tangu asubuhi.

Kwa hiyo tuanze na kitu kidogo: kutofautisha ufa na rangi. Bati linalovuja ni ufa. Waya ulio wazi ambapo mtoto anapita ni ufa. Hivyo havisubiri, na mtu anayeviacha kwenda kucheza majini hana utetezi, hata bahari iwe nzuri namna gani. Lakini rangi ya sebule, marumaru za jikoni na geti la maua ni rangi tu, hata zikigharimu zaidi. Tabu yetu ni kwamba tukishashika nyundo kila kitu tunakiita ufa. Tunasema, "Nikimaliza nyumba nitapumzika." Nyumba gani imewahi kumalizika? Tembea mtaa wowote wa Dar es Salaam uone nondo zilizoachwa juu ya paa zikingoja ghorofa ya pili. Waulize wenye nyumba za mawe na chokaa kule Mji Mkongwe, Unguja: kila mvua zikipita, kuna kazi mpya. Anayeahirisha maisha mpaka nyumba iishe ameyaahirisha kwa tarehe ambayo haipo.

Bado hatujafika kwenye kiini, maana swali lenyewe tumeliuliza vibaya. Tunasema muda wa bahari "unaibiwa nyumba." Nyumba haiibiwi chochote, haina muda wake. Muda huo unatoka kwa mtu. Ukiwa majini saa tatu, nani kabaki anampokea fundi bomba, anagombana naye bei, huku kashika mtoto? Kama ni mwenzi wako, na yeye hana saa tatu zake popote katika wiki, basi usituambie habari za roho kuhitaji bahari. Roho yake nayo inahitaji kitu. Starehe yako ameilipia yeye, tena bila kuulizwa.

Watu wa Hawaii wa zamani walilielewa hili kuliko sisi. Walikuwa na msimu wa Makahiki, takriban miezi minne, ambapo vita viliwekwa kando, kazi nzito zikapunguzwa, na michezo ikashamiri. Hakuna aliyetoroka kwenda kucheza, kwa sababu muda ule ulitengwa na jamii nzima. Nadhani hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mapumziko na wizi: mapumziko yamekubaliwa mapema, na kila mtu ana lake.

Bahari yenyewe inatulazimisha tukubaliane mapema. Maji hayaji saa ileile kila siku, huchelewa kama dakika 50, na bamvua si sawa na maji mafu. Huwezi kusema "kila Jumamosi saa kumi." Inabidi ukae mezani na mwenzi wako, mbele yenu jedwali la maji la mwezi mzima na orodha ya kazi za nyumba, muandike kwenye karatasi moja: siku hii maji ni yako, siku ile wewe unabaki na fundi na yeye anakwenda anakotaka, hata kama ni kulala tu kwa dada yake.

Na zamu yake ikiangukia siku ile mawimbi yamesimama vizuri kuliko mwaka mzima? Unabaki. Unapiga lipu ukuta wako, unausikiliza upepo, na unanyamaza. Hapo ndipo tutajua kama yale makubaliano yalikuwa ya kweli au ulikuwa unatafuta ruhusa tu.