Nyumba Yenye Magurudumu

Huko Marekani wako watu wanaonunua basi kuukuu la shule, wakang'oa viti, wakaweka kitanda na jiko, wakaishi humo siku zote safarini. Sisi wa Newala huuliza: mtu asiye na kiwanja wala jirani, atazikwa na nani?

Lakini tusihukumu upesi. Ibrahimu alikaa hemani. Hata Masasi yetu ilianzia safarini: mwaka 1876 Askofu Steere alikuwa akiwarudisha watu waliokombolewa utumwani kuelekea Nyasa, nao wakatua hapa njiani. Tena meli Chauncy Maples, iliyoshushwa Ziwa Nyasa mwaka 1901, ilikuwa kanisa na shule iliyoelea. Ilitembea ili iwafikie watu.

Kwa hiyo swali si magurudumu. Swali ni hili: mwenye nyumba anamwendea jirani, au anamkimbia? Maana hata sisi wenye misingi ya mawe tunaweza kumkimbia, tukifunga mlango huku mgonjwa wa nyumba ya pili amekosa wa kumtekea maji. Tusijivunie kukaa mahali pamoja, ikiwa hatukai na watu. Kabla ya kuuliza nani atamzika msafiri, tujiulize sisi tumemwendea nani juma hili.