Nani Atuonaye Ugenini?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, wengi wenu mwatuuliza tuliyoyaona siku za mwanzo tulipohamia mji wa London. Mwataka khabari za majumba marefu, na za gari la moshi lipitalo chini ya ardhi, ambalo njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1863. Hayo ni ya ajabu kweli, lakini siyo yaliyotushitua. Lililotushitua tulilikuta ndani ya nafsi zetu.

Tulifika mwezi wa Disemba. Kwetu Mombasa jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kule, katika baridi ile, huchomoza yapata saa mbili ya asubuhi, na huchwa kabla ya saa kumi. Mtaa tuliofikia haukuwa na mnara wala muadhini. Asubuhi ya tatu tuliamka tukaona mwanga dirishani: jua limekwisha kutoka, na alfajiri imetupita. Tukaisali kadha, na haya imetujaa.

Nani aliyetuuliza? Hapana. Jirani wa mlango wa pili hakulijua jina letu wala dini yetu. Huku kwetu, mtu akikosekana msikitini siku mbili, siku ya tatu wazee humpigia hodi: "Sheikh, u mzima?" Kule tungekosekana mwaka, na hodi isipigwe.

Hapo tukaiuliza nafsi yetu: miaka yote hii uliamshwa na nani? Na kumcha Mungu, au na sauti ya muadhini na macho ya majirani? Swali hili ni zito, khasa kwa mtu aliyewasomesha wenziwe. Tuliona kwamba sehemu ya ibada yetu ilikuwa imeegemea watu; walipoondoka watu, ikayumba.

Wala msidhani kuwa mji ule hauna Uislamu. Msikiti wa Woking, nje ya London, ulijengwa mwaka 1889. Wa Regent's Park ulikamilika mwaka 1977. Na hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha Waislamu zaidi ya milioni 1.3 mjini humo. Atakaye dini ataipata, lakini yambidi aiendee kwa miguu yake. Nasi tulinunua saa ya kengele, tukauliza njia ya msikiti, tukawa twaenda gizani katika baridi, wala hapana aliyejua kama tumekwenda au tumelala.

Enyi wazazi! Mnapowasafirisha vijana wenu mwawanunulia koti nzito, mwawakusanyia nauli, mwawasomea dua. Hayo ni mema. Lakini je, mmewafundisha kusali peke yao chumbani, mlango umefungwa? Kijana aliyezoea kusali kwa kuiogopa bakora ya babake, na ajue babake kuwa bakora haivuki bahari. Wanavyuoni wametufundisha daraja ya ihsani, nayo ni mja kumuabudu Mola wake kwa yakini kwamba Yeye amuona. Hiyo ndiyo akiba ya msafiri.

Nanyi mliobaki, msiwacheke walioyumba ugenini. Jipimeni hapa hapa: muadhini wa mtaa wenu akiugua wiki moja, wangapi wataamka? Na hodi ya jirani ni neema, msiiache. Mpigieni hodi na mgeni aliyehamia mtaani kwenu jana, kwani huenda naye hapana amjuaye.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kumcha Yeye mbele za watu na faraghani, mjini kwetu na ugenini. Amin.

Wassalamu alaykum.