Juu ya Pumziko la Mume na Mke

Ndugu wasomaji, mwinjilisti mmoja pamoja na mkewe walitujia wakiwa na neno linalowasumbua moyo. Watoto wao wafanyao kazi mjini wamewapa zawadi ya kukaa siku mbili katika nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa, tangu Alhamisi jioni hata Jumamosi, wapate kurudi kabla ya ibada. Huko hawatafanya kazi yo yote, ila kula, kulala, na kuketi katika chumba cha mvuke kiitwacho sauna. Mume akasema, “Mchungaji, mtaani kwetu wako wajane waliokosa mahindi mwaka huu. Je, ni haki sisi wawili tukaketi penye moto wa kulipia, ili tutoke jasho? Jasho tunalo la bure shambani.” Tulicheka sote, walakini swali lake si la kuchekwa. Mkewe hakusema neno, na kimya chake tutakirudia.

Yafaa kwanza tujue kitu chenyewe. Sauna ni desturi ya Wafini, watu wa kaskazini ya Ulaya, ambao wengi wao ni Walutheri kama sisi, na wamisionari wao walianza kufika Tanganyika mwaka 1948. Nchi yao ina watu wapatao 5,500,000, na sauna zao ni kama 3,000,000. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ni chumba kidogo cha mbao chenye jiko lililojazwa mawe. Mawe yakisha kuwa moto sana, mtu huteka maji kwa kata na kuyamwagia, na mvuke hupanda. Zamani wanawake wa huko walijifungulia humo, kwa sababu palikuwa na joto na usafi, na maiti walioshwa humo kabla ya kuzikwa. Wazee wao hufundisha kwamba mtu akae saunani kama akaavyo kanisani. Siku yake ya kale ni Jumamosi jioni, watu wapate kuingia Jumapili wakiwa safi.

Tulipokuwa wageni huko, mume na mke mmoja walitualika katika nyumba yao ndogo iliyo msituni kando ya ziwa, kama zilivyo nyumba za namna hiyo nyingi katika nchi yao. Hapakuwa na bomba la maji. Mchana mume alipasua kuni, akateka maji ziwani, akawasha jiko, kisha tukangoja muda mrefu. Msomaji asifadhaike: wageni wanaume huingia peke yao, na wanawake peke yao, lakini watu wa nyumba moja huingia pamoja. Basi sisi tuliingia na mwenyeji wetu, tukavumilia tulivyoweza, tukatoka mbio kama mtu aliyekanyaga siafu. Baadaye wakaingia wao wawili. Walipotoka walijitosa ziwani, kisha wakaketi barazani wamejifunga taulo, wakitazama maji. Hawakusemezana kwa muda mrefu. Tulidhani wamegombana. Kumbe kimya kile kilikuwa cha watu wasiodaiana kitu. Tukauliza nani apika chakula cha jioni. Wakatuonyesha mkate mezani na soseji zilizofungwa karatasi, zikiokwa juu ya mawe yale yale ya jiko. Hakuna apikaye, walisema.

Mvuke ule wana jina lake, nalo ni löyly, neno ambalo zamani za kale lilikuwa na maana ya roho au pumzi. Nasi twasema kupumzika, nalo ni neno litokalo katika pumzi. Wala mvuke si kitu kigeni kwetu. Tangu zamani wazee wetu hujifukiza kwa chungu cha majani, na mwaka 2020, katika ugonjwa ule wa korona, wengi walijifunika blanketi juu ya nyungu. Ila sisi twaujua mvuke kwa ugonjwa, kama tulivyozoea kuyajua mapumziko kwa ugonjwa. Mtu wetu akilala mchana, twamwuliza aumwa nini.

Watu wa pwani wana fungate, siku saba za arusi, ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani, wakaletewa chakula. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, yamwacha mume mpya mwaka mzima asiende vitani, bali akae nyumbani amfurahishe mkewe. Hizo ni siku za mwanzo. Lakini yule aliyeoa miaka ishirini na mitano iliyopita, ni nani amwachiaye hata siku mbili?

Wengi husema mtu apumzike ili afanye kazi vema zaidi. Jibu hilo halitutoshi. Ndivyo tufanyavyo kwa jembe, twalinoa ili likalime. Adamu aliumbwa siku ya sita, na siku yake nzima ya kwanza ilikuwa ya pumziko, kabla hajalima hata tuta moja. Luther naye katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 aeleza kwamba siku takatifu yahitajiwa pia na mwili, hasa kwa watumishi na vijakazi waliotaabika juma zima. Na katika Marko 6 Bwana aliwaita wanafunzi wapumzike faraghani, ingawa makutano walikuwa hawajaisha kuja. Kweli, makutano wakawatangulia, naye akawahurumia. Kwa hiyo maskini anayo haki ya kutukatiza. Walakini Bwana hakusema kwamba ilikuwa kosa kupanda chomboni.

Juu ya wajane tulimjibu mwinjilisti hivi: wapelekee mahindi kwanza, kwa kadiri uwezavyo, kisha uende. Twamjua kuwa mtu wa kutoa. Lakini wako wengine wasiowakumbuka wajane mwaka mzima, ila siku ile wake zao watakapo kupata raha kidogo.

Sasa turudi kwa mama yule aliyenyamaza. Katika amri ya Sabato wametajwa mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, na mgeni aliye malangoni. Mke hakutajwa. Twaona ya kuwa hakusahauliwa, bali amo katika neno lile “wewe”, pamoja na mumewe, kwa kuwa hao wawili ni mwili mmoja. Lakini katika nyumba zetu tumelisoma neno hilo kana kwamba ni la mume peke yake. Punda hufunguliwa Jumapili, na mama hupika kuliko siku zote, kwa maana wageni ni wengi.

Hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Tuliporudi kutoka Ufini, tulimchukua mke wetu tukaenda naye siku mbili kwa ndugu zetu mlimani, tukijisifu kwamba tumejifunza. Sisi tulilala, tukasoma, tukatembea. Yeye alifunga sufuria mbili katika mizigo, na alipofika akaingia jikoni pamoja na wenyeji hata tuliporudi. Tukiwa njiani tulimwuliza kama amepumzika. Akajibu kwamba hewa ya mlimani ni nzuri.

Basi tulimgeukia mama yule, tukamwomba aseme yeye. Akafikiri kidogo, akasema, “Nitakwenda, ikiwa huko hakuna mtu atakayeniuliza chumvi iko wapi.” Mumewe akatazama chini. Ndipo tulipotambua kwamba tangu walipoketi tulikuwa tumezungumza habari za wajane, na fedha, na jasho, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Wamekwenda. Mahindi madebe mawili yalitangulia kwa wajane. Ninyi walimu na wazee wa sharika mlio na neno juu ya jambo hili, na hasa ninyi akina mama, tuandikieni.