Daftari la Nafsi na Haki za Watu

Tumeletewa suali na kijana mmoja wa halka yetu, mwalimu katika skuli ya Kakuma, na suali lake limetushughulisha majuma kadhaa kabla hatujapata la kumjibu. Alialikwa na wenzake kwenda Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana, mwendo wa kiasi cha kilomita 60 kutoka Lodwar, akakae huko siku tatu pamoja na watu kumi na wawili, kila mmoja na daftari lake. Asubuhi wakiandika yaliyomo nyoyoni mwao chini ya mikoma, na jioni wakikaa mviringo, mmoja mmoja akiwasomea wenziwe alichoandika. Kijana wetu alisoma habari za marehemu baba yake. Watu wakalia, wakamsifu kwa ushujaa wake. Juma halikwisha ila habari ile imekwisha fika Lodwar, masikioni mwa mama yake. Sasa auliza: je, nilikosa kwa kuandika, au nilikosa kwa kusoma? Na daftari hili, nilichome moto?

(Haya twayaandika kwa idhini yake na ya mama yake, na tumeacha kila la kuwajulisha.)

Mzee mmoja katika sisi alisema mara moja kuwa jambo zima ni uzushi na kuiga watu wa Ulaya. Kwa heshima yake yote, hapo hatukuafikiana naye. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kushukiwa na wahyi, na itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani twaifanya mpaka leo. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipewa jina hilo kwa vile alivyokuwa akiifanyia nafsi yake hesabu. Imam al-Ghazali aliiacha kazi yake kubwa ya kusomesha katika mji huo huo mwaka 1095, akenda Sham kutafuta faragha. Basi mtu akijitenga siku tatu ili ajitazame, hatuoni la kumlaumu. Tuna neno dogo tu juu ya mahali penyewe. Wageni wale wakipaita nyika tupu isiyo na mtu, na hali kuna wanawake wateka maji katika chemchemi zile na kusuka vikapu vya majani ya mikoma. Hapo ni kwao. Nafsi ya mtu ndiyo iliyojitenga, si ile nchi.

Na faida ya kuandika nayo hatuikanushi. Mwaka 1986 mtaalamu wa Kimarekani, James Pennebaker, pamoja na mwenziwe, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Waliandika dakika 15 kila siku, kwa muda wa siku nne. Walioandika misiba yao pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi papo hapo, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo yasiyo na uzito. Lakini na tuangalie: wanafunzi wale hawakusomeana. Kila mtu aliandika peke yake, na manufaa yakapatikana bila ya kuwako mkutano wa kumpigia mtu makofi.

Yatupasa hapa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna dhambi uliyoifanya, na kuna dhuluma uliyofanyiwa. Dhambi ambayo Mwenyezi Mungu amekusitiria, dini yetu yakukataza kuifunua mbele za watu. Tubu kwa Mola wako, na ukihitaji shauri, mwendee mtu mmoja mwaminifu. Lakini aliyedhulumiwa amepewa ruhusa ya kuinua sauti. Huko huko Turkana, wafungwa waliowekwa Lokitaung na serikali ya kikoloni waliandika barua ya kulalamikia hali zao, ikapenyezwa mpaka London na kutokea katika gazeti la The Observer mwaka 1958. Gakaara wa Wanjau naye aliandika kwa siri habari za kufungwa kwake, na muda wa kifungo hicho alipata kuwekwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Nani atakayewaambia hawa kuwa wangenyamaza? Na wale wakimbizi wa kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ambao wengi wao wameona nyumba zao zikiteketezwa, wakitaka kuandika na kusema yaliyowapata, hiyo ni haki yao, wala sisi hatuna ubavu wa kuwazuia.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Yeye alidhani aliandika dhuluma aliyofanyiwa. Tulipomwomba atueleze, kwa mdomo wala si kwa kusoma, ikadhihiri kuwa baba yake aliachiwa na nduguye mtoto yatima na mbuzi wa yatima yule. Akawauza mbuzi, na kwa thamani yao akamlipia karo mwanawe, ambaye ndiye huyu mwalimu. Kijana alipoyajua haya ukubwani alichomeka moyo. Aliandika kurasa kumi na moja: ghadhabu yake, aibu yake, mapenzi yake kwa baba, na usiku asiolala. Tunasadiki kuwa ziliandikwa kwa machozi ya kweli.

Tukamwuliza, "Mbuzi walikuwa wangapi?" Hakujua. "Yatima yuko wapi leo?" Akasema yuko Lodwar, ni mtu mzima, achukua mizigo sokoni. "Umewahi kumwendea?" Akanyamaza.

Hapo ndipo tulipoona jibu letu, nasi tulilipata kwa uchungu, kwani kila mmoja wetu alijikumbuka. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani yaamrisha kuandika, na jambo linaloamrishwa kuandikwa ni deni. Na Mtume (s.a.w.) alimhimiza mwenye kitu cha kuusia asipitishwe na masiku mawili bila ya wasia wake kuandikwa. Kalamu imeamrishwa kwetu kwa ajili ya haki ya mtu mwengine. Kurasa kumi na moja zilimtua kijana mzigo mmoja, lakini mzigo wa binamu yake uko pale pale sokoni. Na makofi ya ufuoni yalimfanya adhani, bila ya kukusudia, kuwa jambo limekwisha. Marehemu alivunjiwa heshima mbele ya watu wasiohusika, na mwenye haki hakuambiwa kitu.

Tulimjibu hivi: kuandika hukukosa. Kuwasomea wale ulikosa, na umtake radhi mama yako. Daftari usilichome, bali fungua ukurasa wa kumi na mbili, uandike idadi ya mbuzi, jinsi zao, na bei yao ya leo, kisha umchukulie ukurasa huo mwenyewe.

Alikwenda. Mama yake asema mbuzi walikuwa kumi na wanne. Binamu, ambaye naye ameridhika haya yaandikwe na asema angependa yasomwe na wengi, akumbuka kumi na saba, na watatu hao walikuwa majike wenye mimba. Halka imewaita wote Ijumaa ijayo baada ya sala ya alasiri, na mzee mmoja mchungaji aliyewajua mbuzi wale ameahidi kuja.