Sadaka ya njia usiyoipita

Je, mtu anaweza kutoa sadaka ya matembezi? Sina maana ya nauli ya kumsaidia msafiri aliyekwama, wala mchango wa kumpeleka mtu Hija. Nakusudia matembezi haya ya kawaida, ya mtu kutoka nyumbani kwake akenda kutembea chini ya miti kando ya maji, bila ya haja yoyote ila kupunga upepo na kuutuliza moyo. Wengi wetu tukiulizwa hivyo tutacheka. Tutasema sadaka ni chakula, ni nguo, ni kisima, ni msikiti na madrasa. Miti na upepo Mwenyezi Mungu kavitoa bure, sasa mja atoe nini tena?

Swali hili limenijia kwa kisa kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, katika eneo la mashamba na milima liitwalo Lake District kwa wingi wa maziwa yake. Huko, karibu na mji mdogo wa Keswick, kuna ziwa la Derwentwater, lenye urefu wa kiasi cha kilomita tano. Upande wake wa magharibi, chini ya kilima cha Catbells, kuna msitu wa Brandlehow unaoteremka mpaka majini. Njia inayopita humo ni nyepesi. Haihitaji kamba wala ujuzi wa kupanda milima. Wazee wanapita, mama na watoto wake wanapita, na anayechoka hungoja boti gatini ikamrudisha mjini.

Lakini kingo za ziwa lile hazikuwa wazi hivi siku zote. Katika karne ya 19 matajiri, wengi wao wa miji ya viwanda, walivutiwa na uzuri wa maziwa hayo wakawa wananunua kingo zake na kujenga majumba. Palipo na jumba pana uzio, na palipo na uzio njia ya watu hukatika. Mwaka 1887 wenyeji wa Keswick walichoka. Waliondoa vizuizi vilivyowekwa kwenye njia ya Fawe Park, pale pale kando ya ziwa, na muda si mrefu baadaye watu wapatao 2,000 wakapanda kilima cha Latrigg kudai njia nyingine iliyofungwa. Miongoni mwa waliosimamia madai ya njia hizo alikuwamo kasisi Hardwicke Rawnsley, ambaye mwaka 1895, pamoja na Octavia Hill na Robert Hunter, aliasisi taasisi ya National Trust ili ardhi za namna hiyo zinunuliwe na kushikwa kwa ajili ya umma.

Basi msitu wa Brandlehow ulipotangazwa kuuzwa, taasisi ikaitisha mchango. Zilihitajika pauni 6,500 kwa ekari 108. Zikapatikana katika miezi mitano, na Oktoba 1902 msitu ukafunguliwa kwa watu wote. Matajiri walitoa, na hilo si la ajabu. Iliyonishika mimi ni barua ya mfanyakazi wa kiwandani kutoka Sheffield, aliyetuma fedha kidogo. Alieleza kwamba maisha yake yote alitamani kuyaona maziwa yale, na kwamba sasa hatayaona tena, ila angependa kusaidia yahifadhiwe kwa ajili ya wengine.

Ndugu msomaji, simama kidogo hapo. Sheffield ulikuwa mji wa chuma na moshi. Mtu kafanya kazi katika moshi ule umri wake mzima, kakata tamaa ya kuiona njia ile kwa macho yake, kisha anailipia. Hapati jina, hapati kivuli, hapati hata shukurani ya atakayepita, kwa sababu apitaye hamjui.

Wako watakaosema mtu huyu alikosea kupanga. Mtaani kwake hawakukosekana wenye njaa, na senti zile zingenunua mkate. Hoja hii si nyepesi, na mimi niliishika kwa muda mrefu. Dini yetu wenyewe imetufundisha kutanguliza: wajibu kabla ya sunna, jamaa kabla ya wa mbali, mwenye njaa kabla ya mwenye kushiba. Lakini tazama inakotupeleka hoja hii tukiifuata mpaka mwisho. Itatuambia kwamba masikini ana tumbo tu. Mkate tutampa, lakini uzuri, utulivu na nafasi ya kukaa na nafsi yake akatafakari, hayo ni ya mwenye jumba la ziwani. Mwaka 1844 mshairi maarufu wa eneo hilo hilo, William Wordsworth, alipinga reli iliyotaka kuletwa Windermere, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba watu wa kazi wakiletwa kwa makundi hawatafaidika na uzuri ambao hawakuzoeshwa kuufahamu. Na huyu ndiye aliyekuwa ameandika, katika kitabu chake cha kuwaongoza wageni, kwamba eneo lile ni kama mali ya taifa zima! Reli ilifika mwaka 1847 vyovyote vile. Nadhani jibu zuri zaidi kwake ni ile barua ya Sheffield, ingawa aliyeiandika hakuwa anamjibu mtu.

Sisi Waislamu kisa hiki kisitushangaze sana. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba lake la Khaybar na kuomba ushauri kwa Mtume (s.a.w.), aliongozwa azuie asili na atoe matunda yake, lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Mwaka 1907 Bunge la Uingereza liliipa National Trust uwezo wa kutangaza ardhi zake kuwa haziwezi kuuzwa. Yuko mwanazuoni wa sheria, Monica Gaudiosi, aliyeandika mwaka 1988 kwamba huenda sheria ya amana ya Waingereza ilichota katika wakfu wa Kiislamu. Vijana wetu hupenda sana habari za namna hii. Mimi sitaki kuishikilia, maana kujisifu kwa kilichoazimwa na wengine hakumwagilii mti mmoja wa wakfu wetu uliokauka.

La kuangalia zaidi ni lile neno, "wengine". Yule mfanyakazi hakuuliza wengine hao watakuwa nani. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 2021, Waislamu zaidi ya 100 wa kikundi cha Muslim Hikers, kilichoasisiwa na Haroon Mota, walikwenda kutembea katika milima ya Peak District, ambayo iko jirani kabisa na Sheffield. Picha zao zilipowekwa mtandaoni walitukanwa na kuambiwa maneno ya kibaguzi, kana kwamba wamevamia ua wa mtu. Njia ilikuwa wazi kwa sheria. Katika vifua vya baadhi ya watu ule uzio wa 1887 ulikuwa bado umesimama.

Ni rahisi kuwanyooshea kidole. Lakini miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa niliokuwa nikiishi, palikuwa na kiwanja nyuma ya msikiti kilichoachwa wakfu na bibi mmoja. Kilikuwa na miembe miwili na bwawa dogo la mvua, na maneno yaliyopokewa kutoka kwake ni kwamba watu wapumzike. Kamati ikaitisha kikao baada ya Isha. Ikasemwa kwamba wakfu huu hauingizi chochote, tujenge fremu za maduka, kodi iwalipe walimu wa madrasa. Sote tuliifahamu kauli ya mafakihi kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa kama nassi, lakini hakuna aliyeitaja. Mzee mmoja tu ndiye aliyeuliza: na watu watapumzika wapi? Akajibiwa kwamba kupumzika si ibada. Tukacheka. Wakati wa kupiga kura nilinyoosha mkono kukubali, na nilijiona mtu mwenye busara.

Fremu zilijengwa. Kodi inaingia na walimu wanalipwa, sitadanganya. Yule mzee siku hizi, baada ya Alasiri, hukaa kwenye ngazi ya duka la simu, na kila mteja akija kijana wa dukani humwomba asogee.