Umepangiwa Sumbawanga? Hongera

Mtumishi mpya akipangiwa Sumbawanga, wenzake humpa pole. "Kajiandae na radi za kichawi," wanamwambia, kicheko kinafuata. Mfipa, mwenyeji wa huko, aliyeajiriwa Dar es Salaam anapata utani huohuo kwa upande wa pili: akitofautiana na mtu kikaoni, anaombwa asimtumie radi. Anacheka nao. Afanyeje?

Muulize huyo mtani kama anawabagua Wafipa. Ataapa hapana, na atakuwa anasema kweli yake. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila au mahali alikotoka, kwa jinsia, ujauzito, ulemavu na mengine kadhaa. Lakini mjumbe wa usaili husoma jina na mkoa kwenye barua, na picha ikamjia kabla mwombaji hajavuta kiti. Mwenyewe hana habari.

Nasi wa huku juu Ufipa tusijifanye malaika. Mwanamke akifika ghalani kukagua mahindi, anaulizwa bosi wake yuko wapi. Mhasibu mwenye ualbino anaondolewa kwenye safari za Kasanga "asiungue na jua", bila yeye kuulizwa. Safari zinakwenda kwa wengine, na posho zake, na baadaye vyeo. Huruma ya namna hiyo inamgharimu mtu kuliko matusi.

Basi amka! Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Fungua orodha ya mishahara ya ofisi yako uhesabu. Leo, si wiki ijayo.

Kisha rekebisha usaili. Hakuna mkulima wa Laela anayekubali gunia lake likadiriwe kwa macho, anadai mizani. Kwa nini mwanawe akadiriwe kwa lafudhi? Andikeni maswali mapema, yawe yaleyale kwa wote. Kila mjumbe ajaze alama zake kimyakimya kabla mkubwa hajasema neno, maana mkubwa akishasema, wengine hufuata. Na akitokea wa kusema "huyu hataendana na sisi", mwenyekiti, mbane: ni jibu la swali la ngapi lililokuonyesha hivyo? Akikosa namba ya swali, maoni yake yasiingie kwenye muhtasari.