Faili Lisilo na Jina

Umeme ukikatika ghafla hapa Mogitu, wilayani Hanang, diski hubaki na maandishi nusunusu, na mimi, fundi kompyuta ambaye pia ni katekista, huulizwa kama rejista ya ubatizo ndiyo basi tena. Sina haraka. Naitenga diski kwa amri ya umount, kisha napitisha fsck, programu ya kukagua diski, kwa namna ya fsck -n, inayosoma tu bila kugusa kitu.

Kinachonifikirisha ni kile inachokikuta. Katika ext4, mfumo wa faili wa Linux, jina halikai ndani ya faili. Linatunzwa na saraka. Faili lenyewe ni inodi: namba, mmiliki, ukubwa, tarehe na mahali vipande vyake vilipo. Inodi moja yaweza hata kuwa na majina mawili, kama sisi wa Hanang wenye jina la nyumbani na la ubatizo. Saraka ikiharibika jina hupotea, mwili ukabaki. Ukitengeneza diski, fsck huuweka ndani ya saraka ya lost+found na kuuita kwa namba, tuseme #48213.

Hapo najiuliza: je, kilichosahauliwa na wote bado kipo? Berkeley, askofu na mwanafalsafa, alisema kuwepo ni kutambuliwa, na Mungu hutambua vyote. Sawa, lakini jibu hilo linatupumzisha mno. Tangu maporomoko ya tope yalipofukia watu Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, swali hili kwangu si la vitabuni. Nasema kipo, na kukirudishia jina ni kazi yetu: fungua kila namba, soma, andika upya. Nawe usikimbilie fsck -y, inayokubali kila kitu. Nakili diski kwanza.